Maradhi yetu kwenye majarida yao: Elimu hii ni amana ya nani?

Ndugu msomaji, wengi wetu tumeaminishwa kuwa katika zama hizi za intaneti hakuna tena kitu kilichofichikana. Mwenye kutaka kujua jambo, tunaambiwa, atoe simu mfukoni, aandike neno moja, na majibu yatakuja yenyewe. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, naishi hapa Dodoma, na kwa miaka kadhaa sasa shughuli yangu ya uzeeni imekuwa ni kutafuta yale ambayo madaktari wa zamani waliyaandika kuhusu maradhi ya watu wa nyanda hizi za kati, kuanzia Mpwapwa na Kongwa hadi Manyoni. Katika kutafuta huko nimeona kuwa dhana ile ni nusu ya kweli. Na nusu iliyobaki ndiyo yenye madhara.

Lakini lililonisumbua zaidi si suala la ufundi wa kompyuta. Ni suala la haki na dhamana, nalo nitalieleza kwa kutumia mdudu mmoja ambaye kila aliyewahi kulala katika nyumba ya tembe anamjua. Namkusudia papasi.

Papasi ni jamii ya kupe, ila hana tabia ya kupe wa ng'ombe anayeng'ang'ania mwilini siku nyingi. Yeye mchana hujificha katika nyufa za ukuta wa udongo na vumbi la sakafuni, usiku hutoka, hunyonya damu ya aliyelala kwa muda mfupi kisha hurudi zake. Anaweza kukaa miaka kadhaa bila kula. Wapo miongoni mwao wanaobeba kijidudu chembamba kilichojipinda mithili ya skrubu, na kikishaingia katika damu humletea mtu homa kali, kichwa na viungo kuuma, kisha homa hukatika kana kwamba amepona, na baada ya siku kadhaa hurudi tena. Ndiyo maana Waingereza wakaiita homa ya kurudi-rudi. Kwa mama mjamzito ni hatari kubwa, kwani huharibu mimba, na mtoto mchanga anaweza kuondoka nayo.

Wenyeji wa njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo kwenda Tabora na Ujiji, walijua kuwa ukilala mahali penye papasi utaugua. Hawakuwa na hadubini, lakini walijua. Wazungu walilithibitisha baadaye kwa njia zao. Mwaka 1904 madaktari wawili wa Kiingereza waliokuwa Uganda, Ross na Milne, waliandika katika jarida la BMJ kuwa homa hiyo inaletwa na papasi. Mwaka 1905 Joseph Dutton na John Todd, waliotumwa na chuo cha tiba cha Liverpool, walionyesha jambo hilo hilo mashariki mwa Kongo. Wote wawili waliipata homa hiyo hiyo waliyokuwa wakiichunguza, na Dutton akafia Kasongo mwezi Februari mwaka huo akiwa bado kijana. Kijidudu chenyewe leo kinaitwa Borrelia duttonii kwa heshima yake. Mwaka huo huo Robert Koch, yule Mjerumani maarufu wa kifua kikuu, alikuwa hapa kwetu, wakati huo ikiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, akichimbua sakafu za vituo vya misafara, na akaona kuwa papasi jike hurithisha kijidudu hicho hadi kwenye mayai yake. Aliona pia kuwa wenyeji wa sehemu zenye papasi wengi hawaugui sana kama anavyougua mgeni.

Sasa jaribu, ndugu msomaji, kuyatafuta haya kwa simu yako. Utakutana na vikwazo ambavyo hakuna anayekwambia. Orodha kubwa ya makala za tiba iliyoko mtandaoni, ile ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani inayoitwa PubMed, kwa sehemu kubwa huanzia miaka ya 1940. Yaliyo nyuma ya hapo, yaani zama zote za Wajerumani na nusu ya zama za Waingereza, humo yamo machache tu. Anayetegemea kisanduku kile cha kutafutia atatoka akidhani kuwa hapakuandikwa kitu. Halafu majina. Mpwapwa katika karatasi za Wajerumani huandikwa Mpapua, na ukiandika Mpwapwa mashine haikuletei hata ukurasa mmoja, kwani yenyewe haijui kuwa ni mji ule ule. Ugonjwa nao una majina zaidi ya matatu. Juu ya hayo, mashine inayosoma kurasa zilizopigwa picha hukosea herufi, hasa zile za Kijerumani cha kale ambamo s na f hufanana kama mapacha. Mimi nimezoea kuyafungua mabuku yaliyopigwa picha na kuyasoma ukurasa kwa ukurasa, kama tulivyokuwa tukifanya zamani maktaba. Ni kazi ya kuchosha macho. Lakini ukimya wa mashine si ushahidi kwamba jambo halikuwepo.

Hayo ni ya ufundi, na yana dawa yake ambayo ni subira. Yanayofuata hayana dawa nyepesi.

Kuna kijana mmoja, tabibu katika zahanati ya kijijini, ambaye tumezoea kukaa pamoja baada ya swala ya alasiri kila anapokuja mjini. Siku moja alinieleza habari ya mtoto aliyeletwa na homa mara tatu katika mwezi mmoja. Mara zote tatu walimpima kwa kile kipimo cha haraka cha malaria, na mara zote tatu hakikuonyesha malaria. Nikamuuliza kama waliangalia damu kwa hadubini.

"Mzee, siku hizi nani anaangalia hadubini kule kwetu," akasema. "Kipimo kikisema hakuna malaria, basi tunatafuta kingine, au tunampa tu dawa arudi nyumbani."

Hapo ndipo penye uzito wa maneno yangu yote. Zamani mpimaji wa maabara alipokuwa akitafuta malaria kwa hadubini, aliweza kukutana na kile kijidudu kilichojipinda hata kama hakukitafuta. Kipimo cha haraka ni neema, silaumu, kimeokoa maisha ya wengi vijijini. Lakini kinajua kujibu swali moja tu. Homa ya papasi haikuondoka kwa sababu kipimo hakiioni. Iliyoondoka ni habari yake katika daftari la zahanati, na tabibu kijana aliyemaliza chuo juzi anaweza kufanya kazi miaka kumi Ugogo bila kuiwaza hata mara moja.

Ilhali imeandikwa! Na si Koch na Dutton tu. Mwaka 1998 madaktari waliokuwa Mvumi, mwendo mfupi tu kutoka hapa mjini, waliandika katika jarida la Jumuiya ya Kifalme ya Tiba ya Tropiki kuwa kupulizia dawa nyumba zenye papasi kulipunguza homa hiyo kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mwaka 2003, katika jarida la Lancet la London, Mtanzania William Kisinza na wenzake walitangaza kuwa kwa watu wa Mvumi hiyo hiyo wamekuta aina mpya ya kijidudu cha jamii ile. Yaani damu ya watoto wa Kigogo ilisafiri hadi kwenye kurasa za jarida linalosomwa dunia nzima, na tabibu aliyeko mwendo wa baiskeli kutoka nyumba zile hana habari.

Nilipomwonyesha kichwa cha ile makala ya 1998 kwenye simu yake, alibonyeza, na ukurasa ukamtaka alipe makumi ya dola ndipo asome. Akanitazama. "Mzee, kwani hii si habari ya Mvumi? Tunauziwa ya kwetu?"

Swali hilo ndilo nimekaa nalo tangu siku ile, na nimeona si la kujibiwa kwa hasira.

Mwenye jarida anazo hoja zake. Atasema, daktari alifanya kazi, wasomi wakaipitia, mhariri akalipwa, kompyuta zinazohifadhi zinatumia umeme. Kitu kilichogharimiwa kina bei. Tena atasema kuwa nchi zetu zimesamehewa, na hapa hatudanganyi: tangu 2002 upo mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani, ambao kwao taasisi za nchi maskini, Tanzania ikiwemo, husoma majarida hayo bure au kwa malipo madogo. Kwa hiyo mhadhiri wa chuo kikuu hapa Dodoma anaweza kuifungua makala ile. Nimeona watu wakizungumzia suala hili kana kwamba mlango umefungwa kabisa, na hiyo si insafu.

Lakini mpango ule unaitambua taasisi, haumtambui mtu. Zahanati ya kijiji yenye chumba kimoja cha dawa na kimoja cha kupimia si taasisi kwa maana hiyo. Mzazi wa yule mtoto ndiyo kabisa. Na hoja ya gharama haijibu kitu kilichotangulia gharama zote, nacho ni damu yenyewe. Mama aliyekubali mwanawe atobolewe kidole hakupewa ujira wa kuuza. Alitoa kwa kutaraji kuwa watu watapona. Katika mila zetu zote mtu akikukabidhi kitu kwa makusudio maalumu, ukakitumia nje ya makusudio hayo, au ukakifungia kisiwafikie aliowakusudia, jina lake ni moja, nalo ni khiyana, hata kama ulikihifadhi kwenye kabati zuri. Kwa mtazamo wangu makala ya tiba ni amana ya namna hiyo. Mchapaji ni mshika amana. Anastahili ujira wa ulinzi, sawa, lakini hawi mmiliki, na ujira wa ulinzi kwa karatasi ya robo karne iliyopita una mwisho.

Wala jambo hili si la Mvumi peke yake. Msomaji wa kusini anaikumbuka Newala. Mwaka 1952 na 1953 uliingia ugonjwa katika uwanda wa Wamakonde uliowakunja watu viungo hata wasiweze kunyooka, na wenyewe wakaupa jina, chikungunya. Daktari Marion Robinson na mwenzake Lumsden waliueleza mwaka 1955 katika jarida lile lile la Jumuiya ya Kifalme, na ugonjwa ukakaa vitabuni miaka hamsini watu wakiusahau. Ukaibuka Lamu mwaka 2004, Komoro 2005, na kufikia 2006 ulikuwa umempata kiasi cha mtu mmoja katika kila watatu kule kisiwa cha Réunion. Madaktari wa dunia wakaenda mbio kutafuta Robinson alisema nini. Neno la Kimakonde likawa linatamkwa Paris na Delhi. Maelezo ya kwanza ya wagonjwa wa Newala yameendelea kuuzwa.

Sasa angalia ajabu ya mambo. Mwaka 1934 daktari mmoja wa maabara huko Nairobi, F. W. Vint, alichapisha katika jarida la anatomia la Uingereza makala kuhusu ubongo wa mwenyeji wa Kenya. Alipima bongo za Waafrika waliofariki, akadai ni nyepesi na pungufu kuliko za Wazungu. Wapo walowezi walioishika makala ile kama hoja ya kwamba kumsomesha Mwafrika ni kupoteza fedha. Makala hiyo iko mtandaoni, bure, kwa yeyote mwenye simu. J. C. Carothers, aliyekuwa mganga wa hospitali ya Mathari, naye aliandika mwaka 1953, kwa kuchapishwa na Shirika la Afya Duniani, kitabu kuhusu akili ya Mwafrika ambacho Frantz Fanon alikuja kukijibu kwa ukali mwaka 1961. Hicho nacho ni bure. Si kwamba kuna mtu alikaa akapanga tusi litolewe sadaka na tiba iuzwe. Ni sheria za wachapaji na bahati ya jarida gani lilipigwa picha na nani. Ila kijana wa Dodoma anayetafuta habari za Mwafrika katika tiba ya kale atakutana na lipi mwanzo?

Kuna watu, nawaheshimu, wanaosema tuyaache yote. Wanasema waliotuandika hawakutupenda, elimu yao ina sumu, tusiinywe. Mimi siafikiani nao, na ninayemtegemea hapa ni mtu wa kale zaidi, Abu Bakr ar-Razi, tabibu wa Rayy na Baghdad. Ar-Razi alimheshimu Jalinusi, yule Mgiriki Galen, kuliko tabibu yeyote aliyemtangulia. Hata hivyo aliandika kitabu kizima cha mashaka juu ya Jalinusi, akiyapima maneno yake kwa wagonjwa aliowaona mwenyewe. Hakumtupa kwa kuwa hakuwa wa dini yake wala wa lugha yake, na hakumsujudia kwa kuwa alikuwa mkubwa. Nao Wazungu wakaja kumsoma ar-Razi kwa Kilatini kwa karne kadhaa, na sijui kama kuna aliyewatoza.

Basi nikimsoma Koch namsoma hivyo. Anaposema papasi hurithisha mayai yake, hilo linapimika, na limepimwa na wengine. Anaposema wenyeji hawaugui sana, hapo nasimama kidogo, kwa maana mkoloni alimhesabu nani? Alimhesabu mpagazi mzima aliyekuwa barabarani. Mama aliyeharibikiwa na mimba ndani ya tembe hakuja kwenye hema la Mjerumani. Vint naye nataka asomwe, tena asifutwe, ili anayedai leo kuwa sayansi haina upendeleo aonyeshwe tarakimu zilivyoweza kutumikishwa. Ila asisomwe peke yake, na asisomwe na mtoto wa shule bila mwalimu pembeni.

Linabaki jambo moja ambalo bado sijalipatia utulivu, nalo ni la sitara. Katika majarida yale kuna picha. Watu wamesimamishwa uchi mbele ya ukuta, wengine wanawake, ili uvimbe au kidonda kionekane, na chini yake kabila na wakati mwingine kijiji. Jarida lile lilipochapwa lilisomwa na madaktari wachache, likawekwa rafuni. Leo picha hiyo hiyo inaweza kutua kwenye simu ya mjukuu wa yule mama. Je, kupita kwa miaka 80 kunaondoa haki yake ya kusitiriwa? Mwili wa maiti tunauosha nyuma ya pazia, hata ndugu zake hatuwaruhusu wote kuingia. Sioni kwa nini picha yake iwe na hadhi ndogo kuliko mwili wake.

Mwenzangu mmoja aliniambia kuwa kuzificha picha hizo ni kuwasaidia wakoloni kuficha walichofanya. Hoja hiyo nzito, wala siidharau. Lakini ushahidi wa dhulma haulazimiki kubandikwa sokoni. Mahakama nyingi husikiliza kesi za aina hiyo milango ikiwa imefungwa na hukumu hutoka ikiwa kamili. Ningependa maktaba zinazoweka mabuku haya mtandaoni ziache maandishi wazi kwa wote, na picha za miili ziombwe kwa sababu maalumu. Kwa hali ilivyo mara nyingi, ndugu msomaji, ni kinyume chake: picha hujitokeza bure katika matokeo ya kutafuta, na maandishi ndiyo yanayolipiwa.

Yule tabibu kijana tulimtafutia njia. Mwalimu mmoja wa chuo, mwenye haki ya kusoma kupitia taasisi yake, aliisoma makala ya Mvumi, akanieleza yaliyomo. Maneno ya makala yana mwenyewe kisheria. Habari iliyomo haina, na yeyote anaweza kuieleza kwa maneno yake. Nikaandika kurasa mbili za Kiswahili: papasi anaishi wapi, homa yake inakuja na kuondoka vipi, ni lini tabibu aiwaze, na kwamba kama kipimo cha haraka kimesema hakuna malaria na homa inarudi, mgonjwa apelekwe penye hadubini, damu ichukuliwe wakati homa iko juu, kwani ikishuka kijidudu huadimika. Dawa zake ni za kawaida na zinapatikana, ila nyingine zina masharti kwa watoto na wajawazito, na mgonjwa anaweza kuzidiwa saa za mwanzo baada ya kuzimeza, kwa hiyo si za kununua dukani kwa kubahatisha.

Karatasi hizo amezibandika katika chumba cha kupimia. Ameniomba nyingine juu ya vikope vya Kongwa, ambavyo navyo vina makabrasha yake tele huko nje, na nimeshaanza kuyatafuta.